Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Jukwaa la Mauzo ya Mtandaoni: Kodi ya Zuio Ifuate Ukaazi, Si Pasipoti

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji,
Mkuu wa Idara ya Kodi,
Mkuu wa Huduma kwa Wauzaji.

Nakala: Kamishna wa Kodi ya Mapato wa nchi ninamoishi.

YAH: KUKATWA KODI YA ZUIO YA ASILIMIA 30 BILA KUJALI UKAAZI WANGU WA KODI WALA AINA YA MAPATO YANGU

Waheshimiwa Viongozi,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmoja wa wauzaji katika jukwaa lenu. Nauza vitabu vya kielektroniki ninavyoviandika mwenyewe, violezo vya hesabu kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, na saa za mafunzo ya ana kwa ana kwa njia ya video. Ninaishi ughaibuni: pasipoti yangu ni ya nchi moja, ilhali nyumba, familia, leseni ya biashara na namba yangu ya mlipakodi viko katika nchi nyingine. Makao makuu yenu yako Marekani, na wanunuzi wangu wengi wako huko. Malipo yangu kwa hiyo yanayagusa mataifa matatu, na kati ya hayo ni moja tu, lile nililozaliwa, ambalo halinidai kodi yoyote juu ya mapato haya. Cha ajabu ni kwamba ndilo mnalolitumia kuamua nikatwe kiasi gani.

Barua hii ingeweza kubaki kati yetu. Nimepanda ngazi zote mlizoziweka, kuanzia dirisha la mazungumzo na fomu ya malalamiko hadi barua pepe ya idara ya kodi na ombi la shauri kupitiwa upya. Kila ngazi imenirudisha kwenye ile iliyo chini yake, na kila mara shauri langu limefungwa kwa alama ya kijani iliyoandikwa “limetatuliwa”, huku makato yakiendelea kama kawaida. Sitamtaja mtumishi yeyote kwa jina, wala sitaitaja kampuni, kwa kuwa wenzangu wanaouza katika majukwaa mengine wananieleza mambo yanayofanana na haya, na ninachokitaka ni mfumo urekebishwe, si mtu afukuzwe kazi.

Nieleweke tangu mwanzo kwamba siikatai kodi yenyewe. Sheria ya Marekani inatoza asilimia 30 kwenye mirabaha, yaani malipo ya kutumia haki ya kazi ya mtu, yenye chanzo chake Marekani inayolipwa kwa mtu asiye mkaazi wa huko, na inamtaka anayelipa, yaani ninyi, aizuie kabla fedha hazijatoka. Sheria hiyo hiyo inaitambua mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili, ambayo hushusha kiwango hicho au kukifuta kabisa. Mkaazi wa Uingereza, Ujerumani, Ufaransa au Afrika Kusini anayestahili mkataba hakatwi kitu kwenye mrabaha wa kitabu; wa China hukatwa asilimia 10; wa India asilimia 15. Nchi nyingine, zikiwamo Kenya, Tanzania, Brazil na Singapore, hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, na wakaazi wake hukatwa 30 kamili. Mimi naishi katika nchi ya kundi lile la kwanza, la sifuri, na nilizaliwa katika nchi ya kundi hili la mwisho. Sioni haja ya kuzitaja zaidi ya hapo, kwa sababu hoja isingebadilika hata zingekuwa nchi nyingine.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mmeshika pasipoti, mkauacha ukaazi.

Fomu ya W-8BEN, ambayo mtu asiye mkaazi wa Marekani humjazia anayemlipa na ambayo ndiyo msingi wa jambo hili lote, haina utata hata kidogo. Mstari wa 2 unauliza uraia. Mstari wa 3 unauliza anwani ya makazi ya kudumu. Mstari wa 9 unauliza nchi ambayo mhusika ni mkaazi wake kwa madhumuni ya mkataba. Ni mistari mitatu kwa sababu ni maswali matatu, na walioitunga fomu walijua fika kwamba mtu anaweza kuwa raia wa huku na mkaazi wa kule. Dodoso lenu la mtandaoni limeyageuza maswali hayo kuwa moja. Nikishachagua uraia wangu katika ukurasa wa mwanzo, ule ukurasa wa mkataba unanijia ukiwa umeshajazwa jina la nchi hiyo hiyo, kwa maandishi ya kijivu yasiyoguswa, na chini yake sentensi moja: “Hustahili kupunguziwa kiwango.” Hakuna kitufe cha kupinga. Hakuna mahali pa kupakia cheti cha ukaazi wa kodi, ambacho mamlaka ya mapato ya ninakoishi imenipa kikiwa na mhuri, tarehe na mwaka wa kodi unaohusika.

Mikataba mingi ya kodi duniani, na ya Marekani ikiwamo, inafuata mpangilio unaofanana na ule wa kifungu cha 4 cha mkataba wa mfano wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, pale ambapo nchi zote mbili zilizotia saini zinamhesabu mtu kuwa mkaazi wake. Kwanza hutazamwa yaliko makazi yake ya kudumu. Akiwa na makazi kotekote, hutazamwa kilipo kitovu cha maisha yake, yaani familia yake na shughuli zake za kiuchumi. Hapo pakishindikana, hutazamwa anakokaa siku nyingi zaidi. Uraia unakuja wa nne, baada ya vigezo vyote hivyo kushindwa kutoa jibu, na nao ukishindwa ndipo mamlaka za nchi mbili hukaa na kuelewana. Ninyi mmekichukua kigezo cha nne mkakifanya cha kwanza na cha pekee.

Tena fomu hiyo inamtaka aliyeitia saini atoe taarifa ndani ya siku 30 hali yake inapobadilika kiasi cha kuyafanya maelezo yake yasiwe sahihi. Kwetu sisi tunaoishi ughaibuni, kuhama ni jambo la kawaida. Nilipohama nilitoa taarifa kama inavyotakiwa. Mfumo wenu uliipokea akaunti mpya ya benki siku hiyo hiyo, ukaipokea anwani mpya ya kutumiwa ankara, ukaanza hata kunionyesha bei kwa fedha ya nchi mpya, lakini nchi ya kodi ukaiacha ilivyokuwa. Dawati la msaada lilinijibu kwamba nchi ya kodi “hurithiwa kutoka kwenye kitambulisho kilichothibitishwa”. Naomba mnionyeshe sheria inayosema hivyo, kwa maana mimi sijaiona.

2. Anwani ya kudumu.

Hili ni fupi. Dodoso lenu halimruhusu mtu kuendelea bila namba ya nyumba na jina la mtaa. Maelekezo ya W-8BEN yenyewe yanasema kwamba mtu anayeishi katika nchi isiyotumia anwani za mitaa anaweza kuandika anwani ya maelezo, yaani aeleze kwa maneno mahali nyumba yake ilipo. Kwenu, uga huo unageuka mwekundu. Wapo wauzaji walioamua kubuni namba ya nyumba ili wapite, na kwa kuwa fomu hiyo hutiwa saini kwa kiapo chenye adhabu ya kisheria, mfumo wenu unawasukuma watu waaminifu kutoa tamko lisilo la kweli ili tu waendelee kulipwa.

3. Mapato ya aina tatu mmeyaita jina moja.

Katika taarifa ya mwaka ya fomu ya 1042-S mliyonitumia, inayoonyesha mapato na kodi iliyozuiwa, kila senti niliyolipwa imewekwa chini ya msimbo wa mapato namba 12, ambao ni wa mirabaha ya hakimiliki na inayofanana nayo. Mstari ni mmoja, jumla ni moja, na kwenye kisanduku cha kiwango pameandikwa 30.00. Ningeomba mnifuate polepole hapa, kwa sababu ndipo penye fedha nyingi, na ndipo ambapo dawati lenu halijawahi kujibu hata kwa makosa.

Nikiketi mbele ya kamera na kumfundisha mfanyabiashara aliyeko Chicago namna ya kufunga hesabu za mwezi, ninachouza ni huduma. Kwa sheria ya Marekani, chanzo cha malipo ya huduma ni mahali kazi ilipofanyika, si mahali alipo mnunuzi. Kazi nimeifanyia mezani kwangu, nje ya Marekani; mapato hayo si ya chanzo cha Marekani na hayaingii kwenye zuio hili, mkataba uwepo usiwepo. Hata ningekuwa mkaazi wa nchi isiyo na mkataba wowote, nisingestahili kukatwa. Ninyi mmenikata kwa kisingizio kwamba somo “limehifadhiwa kwenye seva”, ilhali huduma hiyo hairekodiwi, na masharti yenu wenyewe yanakataza irekodiwe.

Violezo ni habari nyingine. Kanuni za Marekani za mwaka 1998 kuhusu programu za kompyuta zilitenganisha mambo mawili: kumpa mtu haki ya kuinakili kazi na kuisambaza kwa umma, jambo linalozaa mrabaha, na kumpa nakala ya kuitumia mwenyewe, ambayo akiipata kwa kudumu huhesabiwa kuwa ameinunua kama anavyonunua kitu kingine chochote. Januari 2025 mtazamo huo ulipanuliwa rasmi hadi kwenye maudhui mengine ya kidijitali. Sasa, kwenye vitabu mkataba wetu unawapa ninyi haki ya kunakili na kusambaza, kwa hiyo nakubali kwamba neno mrabaha limekaa mahali pake. Kwenye violezo masharti yenu yanasema waziwazi kwamba ninyi ni wakala wa kukusanya malipo tu na kwamba mnunuzi ananunua kutoka kwangu. Hayo ni mauzo, na mauzo ya bidhaa ya mtu asiye na biashara ndani ya Marekani kwa kawaida hayamo katika mapato yanayozuiliwa asilimia 30. Mnapodaiwa fidia na mnunuzi, ninyi ni wakala tu. Wakati wa kukata kodi unapofika, mnageuka kuwa mchapishaji. Chagueni moja.

Yanabaki makato ya vitabu vyenyewe, na hata huko mmekosea kipimo. Chanzo cha mrabaha ni mahali haki inapotumika. Msomaji wa Japan au wa Ujerumani akinunua kitabu changu kwa matumizi yake huko huko, mrabaha wa nakala hiyo hauna chanzo Marekani eti kwa sababu tu kompyuta ya kulipia iko Marekani. Mmezuia kodi ya Marekani kwenye mauzo ya dunia nzima.

4. Kodi ya mapato ghafi inavyokula zaidi ya faida.

Naona labda wapo kati yenu wanaodhani asilimia 30 ni kodi ya kawaida, sawa na ile ambayo mtu angeilipa nyumbani. Sivyo. Kodi ya nyumbani hutozwa kwenye faida, baada ya gharama kutolewa. Zuio hili hutozwa kwenye mapato ghafi. Tuchukue mfano rahisi. Mrabaha wa mwezi ni dola 1,000. Mhariri, mchoraji wa majalada, matangazo na ada za kubadili fedha vinachukua dola 750. Faida ni dola 250. Ninyi mmezuia dola 300. Kabla sijaifikia mamlaka ya mapato ya ninakoishi, nimeshapata hasara ya dola 50 kwa mwezi ambao biashara ilikwenda vizuri.

Hapo ndipo huwa naambiwa, na dawati lenu limeniambia mara nyingi, kwamba nitapata unafuu wa kodi iliyolipwa nje, yaani kuipunguza katika kodi ya nyumbani, nikiwasilisha ritani yangu. Tuendelee na mfano huo huo ili jambo hili liishe. Tuseme nchi yangu ya ukaazi inatoza asilimia 20 ya faida, yaani dola 50. Kwa njia ya kawaida, unafuu hauwezi kuzidi kodi ambayo ningedaiwa nyumbani juu ya mapato hayo, kwa hiyo katika dola 300 zilizokatwa, 50 tu ndizo zingehesabiwa na 250 zingepotea. Lakini hata hizo 50 sizipati. Unafuu chini ya mkataba hutolewa kwa kodi iliyotozwa kwa mujibu wa mkataba. Mkataba unasema sifuri. Kilichozidi sifuri kinahesabiwa na nchi yangu kuwa kosa la mkataji, na mlipakodi huelekezwa akakidai huko kilikokatwa. Afisa wa kodi wa hapa aliniambia hivyo bila kuuma maneno, na kisheria yuko sahihi. Kwa hiyo nalipa 300 kule na 50 huku, na faida ya dola 250 imegeuka deni la dola 100.

Sidhani kama kuna muuzaji anayeweza kubeba hali hiyo kwa muda mrefu. Wengine wamepandisha bei hadi wanunuzi wakakimbia, na wengine wameziondoa bidhaa zao kwenye soko la Marekani kabisa, jambo ambalo naamini linaonekana pia katika hesabu zenu.

5. “Dai huko Marekani.”

Njia ya kudai ipo, na ningependa viongozi waliozoea kuandika sentensi hiyo ya maneno matatu waione kwa karibu. Muuzaji asiye na namba ya mlipakodi ya Marekani anaanza kwa kuomba namba hiyo, iitwayo ITIN, kwa fomu ya W-7. Ombi hilo huambatana na pasipoti halisi, au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa pasipoti. Kwa mtu anayeishi ugenini, pasipoti ndiyo hubeba kibali chake cha ukaazi. Akisimamishwa njiani anaionyesha, benki wanaitaka, mwenye nyumba anaitaka, na kuituma kwa posta hadi bara jingine ni kujiweka nje ya sheria kwa wiki kadhaa. Ofisi iliyoitoa iko katika nchi ambayo haishi. Wapo mawakala walioidhinishwa kuthibitisha nyaraka hizo, lakini hutoza ada, na si kila nchi utawakuta. Mamlaka ya mapato ya Marekani, IRS, yenyewe inaeleza kwamba ombi huchukua wiki 7, na kati ya 9 na 11 likitoka nje ya nchi au likipelekwa katika msimu wa ritani.

Pamoja na ombi hilo, kwa kawaida, hupelekwa ritani ya 1040-NR, ambayo ni ya mtu asiye mkaazi wa Marekani, ikiambatana na ile 1042-S mliyoitoa ninyi. Na 1042-S yangu ina jina la nchi isiyo yangu, msimbo wa mapato usio sahihi, na jina langu la tatu limekatwa katikati kwa sababu uga wenu haukuwa na nafasi. IRS hulinganisha ritani na taarifa ya mkataji. Kwa maneno mengine, natumwa kwenda kudai kosa lenu nikiwa nimeshika ushahidi wenu unaosema kwamba hakuna kosa. Marejesho ya aina hii yanaweza kuchukua hadi miezi 6, na dai lina ukomo wake: kwa kawaida miaka 3 tangu ritani ilipowasilishwa, au 2 tangu kodi ilipolipwa.

Niongeze kwamba mmekuwa mkiwaambia wauzaji kuwa bila ITIN hakuna kiwango cha mkataba. Hilo nalo si kweli. Kwa mapato haya maelekezo ya W-8BEN yanakubali namba ya mlipakodi ya nchi ya ukaazi, inayoandikwa kwenye mstari wa 6. Namba hiyo mnayo.

6. Neno kwa Kamishna, aliyepewa nakala.

Mheshimiwa Kamishna, ofisi yako si chanzo cha tatizo hili na sitaki ionekane hivyo. Lakini cheti cha ukaazi wa kodi hutolewa mwaka ukishaisha, ilhali makato hufanyika kila mwezi ndani ya mwaka, na fomu ya kukiomba mtandaoni inadai namba ya kitambulisho cha raia. Mlipakodi mgeni mwenye kibali na namba halali ya mlipakodi analazimika kufika dirishani. Ninaomba cheti kitolewe kwa mwaka unaoendelea, na mfumo upokee namba ya kibali cha ukaazi.

Narudi kwenu, Waheshimiwa Viongozi, kwa sababu najua majibu yatakayokuja, na ningependa tuokoe muda.

Mtasema kwamba sheria inawabana: mkataji asipozuia kodi inayostahili, yeye mwenyewe hudaiwa. Ni kweli. Lakini sheria hiyo hiyo inampa mkataji haki ya kuitegemea fomu halali iliyotiwa saini, isipokuwa anajua au ana sababu ya kujua kwamba si ya kuaminika. Uraia wa nchi nyingine, katika fomu iliyoweka mstari maalumu wa kuuandika, si sababu ya kutoiamini. Anwani iko katika nchi ya mkataba, benki iko huko, namba ya mlipakodi ni ya huko, na cheti kimetoka huko. Hamjawahi kuniambia ni kipi kati ya hivyo kinachowatia shaka.

Mtasema fedha zimeshapelekwa serikalini. Hili ndilo jibu lililowakatisha tamaa wengi, nami naona ni jibu nusu. Kanuni za Marekani zinamruhusu mkataji aliyezuia kupita kiasi amrudishie mlipwaji fedha zake mwenyewe, kisha ajifidie kwa kupunguza anachopeleka serikalini baadaye, ili mradi afanye hivyo kabla ya muda wa kuwasilisha taarifa za 1042-S za mwaka husika, ambao kwa kawaida huishia 15 Machi ya mwaka unaofuata. Malalamiko yangu ya mwanzo yaliwafikia muda huo ukiwa bado. Mliyashikilia hadi tarehe ikapita, kisha mkaniandikia kwamba dirisha limefungwa.

Mtasema mfumo hauwezi kutenganisha nchi za wanunuzi. Tangu mwaka 2015 Umoja wa Ulaya umetoza kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya bidhaa za kidijitali kwa kufuata nchi ya mlaji, na taarifa zenu za kila mwezi zinanionyesha VAT hiyo nchi kwa nchi, hadi senti. Mwaka 2021 YouTube ilipoanza kuzuia kodi hii kwa watengeneza maudhui walio nje ya Marekani, kwa waliokamilisha taarifa zao ilizuia kwenye sehemu ya mapato inayotokana na watazamaji walioko Marekani. Ikiwa watazamaji wanahesabika kwa nchi, wanunuzi waliolipa kwa kadi hawawezi kuwashinda.

Na mtasema kwamba ninyi si washauri wa kodi. Sijawaomba ushauri. Mnapoamua nchi yangu, aina ya mapato yangu na kiwango changu, kisha mkaandika uamuzi huo katika taarifa rasmi inayokwenda kwa serikali, mnafanya kazi ya mkataji wa kodi, na kazi hiyo ina wajibu wake kwa anayekatwa.

Ninachoomba ni hiki. Akaunti yangu irekebishwe ili nchi ya mkataba ifuate mstari wa 9 na cheti cha ukaazi, na wauzaji wote walio katika hali hii wafunguliwe ukurasa huo badala ya kuletewa maandishi ya kijivu. Mapato yagawanywe katika mirabaha, huduma na mauzo, na kodi ya Marekani ikatwe tu panapokuwa na chanzo cha Marekani. Kwa mwaka huu ambao dirisha lake bado liko wazi, nirudishiwe kilichozidi kabla ya 15 Machi. Kwa mwaka uliopita, mnipe 1042-S iliyosahihishwa, yenye nchi, msimbo na jina langu kamili, pamoja na barua ya kukiri kwamba kiwango kilichotumika hakikuwa sahihi, ili nami nikadai huko mnakonituma nikiwa na karatasi zinazosomeka. Na awepo mtu, si mashine, mwenye mamlaka ya kubatilisha uamuzi wa dodoso, ambaye muuzaji anaweza kumwandikia na akajibiwa kwa hoja.

Ningependa kupata jibu la maandishi ndani ya siku 30. Jibu hilo nitaliweka hadharani kama nilivyoiweka barua hii, liwe la kukubali au la kukataa, na likiwa la kukataa naomba liambatane na kifungu cha sheria mnachokitegemea kwa kila moja ya hoja tano zinazowahusu ninyi. Sijaweka hapa namba ya shauri wala nakala za vyeti vyangu kwa sababu za faragha. Vyote viko kwenye faili langu kwenu, chini ya ile alama ya “limetatuliwa”, na ninaomba iondolewe leo.

Wasalaam,

Muuzaji katika jukwaa lenu,
mjasiriamali na mlipakodi anayeishi ughaibuni.